Mpangaji Akihama, Ukutani Kunabaki Nini?

Mpangaji amehama. Mwenye nyumba anamwita fundi: zibua sinki, badilisha kitasa, piga rangi, Jumamosi mtu mwingine anaingia. Hii ya kupiga rangi tumeizoea mpaka hatuiulizi maswali. Lakini ina historia, na si yote ya kupendeza.

Zamani kazi ilikuwa ya chokaa. Pwani yetu waliichoma kutokana na mawe ya matumbawe. Kemia yake tamu kweli: ukichoma jiwe, kaboni dayoksaidi inatoka, ukizima kwa maji, unapata uji mweupe wenye pH ya karibu 12, ukishaupaka, unaivuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kugeuka jiwe. Yaani unapaka jiwe kwa brashi! Na kwa pH hiyo, vijidudu vingi haviponi. Kipindupindu kilipoitikisa Uingereza mwaka 1832, nyumba za maskini zilipakwa chokaa kwa imani kwamba ugonjwa unatokana na hewa chafu. Hewa haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye maji, ila kuta zilisafishika.

Shida ni kwamba chokaa inachafua nguo na inahitaji kurudiwa mara kwa mara. Rangi ya mafuta yenye risasi (ile metali, si ya bunduki) ilifunika vizuri na kudumu. Wenye nyumba wakaipenda.

Sasa twende Brisbane, Australia. Daktari wa macho J. Lockhart Gibson alikuwa akiona watoto wenye sumu ya risasi, wengine wakipoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1904 akaandika kwamba chanzo ni rangi ya kuta na ya vizuizi vya baraza. Jua linaigeuza kuwa unga, mtoto anashika, anatia kidole mdomoni. Basi. Hata hivyo, Marekani haikuipiga marufuku rangi hiyo majumbani hadi 1978. Miaka 74! Kwangu mimi huo si ujinga, ni biashara.

Na marufuku haibandui rangi iliyokwisha pakwa. Kila mpangaji akihama, tabaka jipya lilipakwa juu ya lile la zamani, na fundi aliyepiga msasa ukuta mkavu alimwachia mgeni vumbi la risasi sakafuni. Ndiyo maana sheria ya Maryland ya 1994 iliubana wakati huohuo: kabla mpangaji mpya hajaingia kwenye nyumba kuukuu, mwenye nyumba ashughulikie rangi inayobanduka na vumbi lake.

Kwa hiyo ukihamia nyumba ya zamani ukamkuta fundi bado anakwangua, mwambie aloweshe ukuta kwanza, na watoto wasubiri nje. Kisha futa sakafu na vizingiti vya madirisha kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unalirusha tu vumbi hewani, na risasi haiozi.