Mwenye Kete na Mwenye Pedi: Gemu za Ushindani na Umiliki wa Mchezo

Katika sheria za Tanzania neno "michezo" lina nyumba mbili. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1967, Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ilipounda chombo cha kusimamia michezo nchini. Ya pili ni Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, yenye bodi yake na leseni zake. Kijana wa Lipangalala, kata ya mji wa Ifakara, anayekaa mbele ya runinga akiwa na pedi mkononi na mpinzani wake pembeni, huitwa mchezaji kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Lakini ukiuliza yumo katika nyumba ipi, jirani mmoja atakwambia hayumo popote, anapoteza muda tu. Mwingine atamhesabu pamoja na wacheza kamari. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba mahali pake ni nyumba ya kwanza. Na kikwazo kikubwa mlangoni hakitokani na mwili wake kukaa kitini, kama inavyosemwa kila mara. Kinatokana na swali zito zaidi ambalo watetezi wa gemu wenyewe hulikwepa: sheria za mchezo huo ni mali ya nani?

Tuanze na mwili, kwa kuwa ndiko mjadala huanzia. Lugha za Ulaya zilizoanzisha ubishi huu zina neno moja kwa mchezo wa viungo na jingine kwa mchezo wowote ule, hivyo watu wake hutafuta mpaka kati ya maneno yao na kudhani wametafuta mpaka kati ya vitu. Sisi hucheza mpira, ngoma, bao na karata kwa kitenzi kimoja, na akina mama wanaochangiana fedha kwa zamu huita upatu wao mchezo. Hilo halithibitishi kwamba vyote ni sawa. Linaonyesha tu kwamba jasho halikuwahi kuwa kipimo chetu. Hata huko kwenye maneno mawili kipimo hicho hakikushika. Kulenga shabaha kuliingia katika Olimpiki mwaka 1896, na mlengaji bora ni yule anayeweza kuutuliza mwili wake hata mapigo ya moyo yasimtikise mkono. Mchezaji wa vishale hutembea hatua chache kwenda kuchomoa vishale vyake. Mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, mchezo ambao mtu angeweza kuucheza kwa kutamka tu, mwenzake akamsogezea vipande.

Gemu ya ushindani hudai mwili zaidi ya sataranji. Gemu nyingi za kupigana huonyesha picha 60 kwa sekunde, na pigo linaweza kuzuilika kwa muda wa picha chache tu, yaani sehemu ndogo ya sekunde. Binadamu wa kawaida huhitaji karibu robo sekunde kuitikia kitu alichokiona. Kwa hiyo bingwa hawezi kungoja aone ndipo atende. Lazima amsome mpinzani, akadirie, kisha vidole vitekeleze mfuatano alioufanyia mazoezi mara maelfu. Golikipa anayekabili penalti hufanya kazi ya jinsi hiyo hiyo. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023, gemu zilishindaniwa kwa medali kamili baada ya kuwa za maonyesho tu Jakarta mwaka 2018, na dhahabu ya Street Fighter V ilichukuliwa na Kim Gwan-woo wa Korea Kusini akiwa na umri wa miaka 44. Umri huo unapaswa kumfikirisha anayedhani jambo hili ni wepesi wa vidole vya watoto. Kilichompa ushindi ni kilekile kinachomfanya fundi wa bao aogopwe barazani.

Na bao linastahili kukaliwa kidogo, maana ndilo kipimo chetu wenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akiziingiza moja moja katika hatua ya namu, na zinapokwisha mchezo huingia kwenye mtaji. Kete moja inaweza kuzunguka, kula, kurudi kwenye kichwa au kimbi na kuzunguka tena, hata mwisho wa hatua hiyo usionekane kwa macho ya mgeni. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, aliyefanya kazi na mabingwa wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima juu ya uwezo wao wa kukokotoa mizunguko hiyo kichwani kabla ya kugusa kete. Hakuna mzee wa baraza aliyewahi kuhitaji kuthibitisha kwamba ametoka jasho ili aitwe bingwa. Alitakiwa kuwashinda waliokuja, mbele ya watu, kwa kanuni ambazo wote walizikubali. Kwa vigezo hivyo vitatu, yaani ufundi unaopimika, ushindani wa hadharani na kanuni za pamoja, kijana mwenye pedi tayari anatimiza viwili bila ubishi. Cha tatu nitakirudia.

Kabla ya hapo lazima nyumba ya pili ifungwe vizuri, kwa sababu ndiyo inayomharibia jina. Katika mitaa ya miji yetu, chumba cha gemu kinaweza kuwa mlango mmoja na mashine ya dubwi, au na duka la kubeti linaloonyesha mpira wa kompyuta. Kwa mpita njia vyote ni runinga inayowaka na vijana waliokodoa macho. Mpira wa kubeti hata unafanana na gemu ya soka: wachezaji wa kuchorwa, uwanja wa kuchorwa, mabao. Tofauti iko mkononi. Katika dubwi na katika mpira ule wa kompyuta, matokeo huamuliwa na mashine kwa bahati, na mteja hata akirudi miaka 10 hatakuwa fundi, kwa sababu hakuna cha kufundishika. Mwenye pedi akifungwa leo anaweza kurudi wiki ijayo akiwa amerekebisha kosa lake. Mtu akiweka fedha juu ya matokeo ya vijana wawili, hiyo ni kamari, kama ilivyo kamari fedha zinapowekwa juu ya mechi ya Simba na Yanga. Haiigeuzi mechi yenyewe kuwa kamari. Kuzichanganya mbili hizi kunaumiza pande zote: mtoto anayejifunza ustadi anafukuzwa kama mhuni, huku mashine inayomfilisi kaka yake ikipita kwa jina la mchezo.

Sasa kile kigezo cha tatu, ambacho kwangu ndicho pingamizi la kweli. Bao ukinyang'anywa ubao, unachimba mashimo ardhini na kuokota komwe. Soka ukikosa mpira, unafunga makaratasi na kamba. Hakuna mtu duniani anayeweza kuamka asubuhi akatangaza kwamba bao limesitishwa. Gemu inaweza kusitishwa, na imewahi kutokea. Desemba 2018 kampuni ya Blizzard ilitangaza kuyafuta mashindano ya dunia ya Heroes of the Storm, na wachezaji walioishi kwa mchezo huo wakajikuta bila ligi kwa tangazo la siku moja. Nchini Korea Kusini, ambako chama cha gemu kipo tangu mwaka 2000 na StarCraft ilikuwa ikionyeshwa kwenye runinga kama soka inavyoonyeshwa kwetu, kampuni hiyohiyo ilifikishana mahakamani na vituo vya televisheni juu ya haki ya kurusha mechi, hadi wakapatana mwaka 2011. Hata soka ya kuchorwa iliyozoeleka zaidi duniani ilipoteza jina lake: baada ya karibu miaka 30, FIFA na kampuni ya EA waliachana, na toleo la mwaka 2023 likatoka bila jina la FIFA. Mwaka uliofuata FIFA ilipeleka kombe lake la gemu kwa kampuni pinzani, Konami. Mchezaji aliyejifunza kwa miaka mingi upande mmoja alilazimika kujifunza upya vidole vyake ili aingie kwenye kombe la upande wa pili.

Watetezi hujibu kwamba kila mchezo una watengenezaji wake. Mpira wa ngozi pia hutoka kiwandani. Jibu hilo halitoshi. Kiwanda cha mipira hakiwezi kubadilisha sheria ya kuotea, wala kupunguza kasi ya mshambuliaji kupitia sasisho la usiku. Kampuni ya gemu huyafanya yote mawili. Ni kana kwamba mwenye kiwanda cha mbao za bao angekuwa na uwezo wa kuongeza shimo la tisa katika safu za kila ubao wa Zanzibar kwa siku moja, na wazee wakaambiwa wazoee. Hapa ndipo naafikiana na wanaosita, na naamini serikali ikitoa utambuzi bila kuliona hili itakuwa imeikabidhi kampuni ya mbali mamlaka ambayo haijawahi kuyapa hata mashirikisho ya soka. Mashirika makubwa pia yameonyesha jinsi msingi huu ulivyo laini: Julai 2024 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza ubia wa miaka 12 na Saudi Arabia kwa ajili ya Olimpiki ya gemu, na kufikia Oktoba 2025 pande hizo zilikuwa zimeshaachana kabla hata ya mashindano ya kwanza.

Lakini udhaifu wa umiliki unadai sharti, haudai kufukuzwa. Kinachopaswa kutambuliwa ni aina ya pambano pamoja na chama cha wachezaji wake, na jina la bidhaa liachwe nje ya katiba. Riadha haitambui kiatu, inatambua mbio. Vivyo hivyo chama kinaweza kusajili soka ya pedi, mapambano ya mmoja kwa mmoja na mbio za magari kama matawi yake, kikaamua chenyewe kila msimu ni gemu ipi itachezwa, toleo lipi, kwa mipangilio gani, na kulishikilia toleo hilo hadi fainali bila kujali kilichosasishwa. Gemu inayochezwa kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti huruhusu jambo hilo bila shida.

Na hapo Lipangalala ina faida ambayo wengi hawaioni. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva ikiwa Frankfurt, kwa mfano, iko karibu kilomita 7,000 kutoka Dar es Salaam. Hata waya ungenyooshwa kama kamba ya timazi, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 70, ambazo ni picha nne kamili katika gemu ya kupigana. Nyaya halisi hupita baharini kwa njia ndefu zaidi, na nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 nchi nzima ililegalega. Anayeshindana kwa intaneti kutoka Ifakara dhidi ya mtu anayeishi jirani na seva amefungwa jiwe mguuni. Wale wawili waliokaa benchi moja, mashine moja, pedi mbili, wako kwenye uwanja ulio sawa kuliko viwanja vyetu vingi vya mpira. Hakuna goli la mteremkoni. Mashindano ya kata, kisha ya mji, kisha ya mkoa, kwa mtindo wa ana kwa ana, hayangoji waya wa bahari.

Pingamizi la afya na shule halipaswi kupuuzwa, kwa sababu wanaolitoa ni wazazi na hofu yao ina sababu. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2019 orodha ya magonjwa inayotaja tatizo la uraibu wa gemu, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Lakini tusome inachosema: tatizo ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kuchukua nafasi ya mambo mengine yote, na hali hiyo kudumu kwa kawaida miezi 12 au zaidi. Huyo ni mgonjwa, na idadi ya wagonjwa wa aina hiyo katika mji fulani hupatikana kwa utafiti. Ifakara ni mji uliozoea utafiti. Maabara iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ilianza hapo miaka ya 1950, na hakuna sababu ya mji uliowafundisha walimwengu mengi juu ya mbu wa malaria kuhukumu watoto wake kwa uvumi. Tena, utoro unaolalamikiwa hustawi mahali pasipo na kanuni. Mwenye chumba anayetoza kwa dakika ana faida mtoto akikaa hadi usiku, hata kama saa hizo alitakiwa awe darasani au shambani akiamia ndege wa mpunga. Klabu iliyosajiliwa inaweza kuwekewa umri, saa na mwalimu wa kuwajibika. Inaweza kufungiwa ikikiuka.

Wasichana ndio wanaopoteza zaidi hali ikibaki ilivyo. Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya nje ya bara kama mchezaji wa Tekken, gemu ambayo pedi yake haiulizi uzito wa mwili wala kimo. Kwa maana hiyo huu ni mojawapo ya michezo michache ambapo msichana na mvulana wangeweza kukutana kwenye ratiba moja bila kutenganishwa. Mlango ndio unaowatenganisha: chumba chenye giza na matusi, ambacho mama hawezi kumruhusu binti yake kukaa jioni. Mwenye chumba hadaiwi na yeyote kumtengea binti huyo kiti. Chama cha michezo kinachoomba usajili wa Baraza la Michezo kingeweza kudaiwa hivyo, siku ileile kinapopeleka katiba yake.