Mtu na Mpingo: Uhusiano wa Binadamu na Maumbile katika Uchongaji wa Kimakonde

Kisasili cha Wamakonde chasimulia kiumbe aliyeishi peke yake nyikani. Alichonga sanamu kutokana na mti, akaisimamisha nje ya makao yake. Usiku ikageuka mwanamke, naye akawa mama wa kabila. Kwa mujibu wa simulizi hii, asili ya binadamu imo ndani ya gogo.

Dhana hiyo hujitokeza upya katika mtindo wa shetani, ulioasisiwa na Samaki Likankoa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Awali, wachongaji waliohamia Tanganyika kutoka Msumbiji aghalabu waliwauzia wageni vinyago vya watu vilivyofuata uhalisia. Katika shetani, mkono wa mtu huishia kuwa tawi au pembe, na mkunjo wa gogo ndio humwongoza mchongaji. Hivyo basi, mti si malighafi tu, bali ni mshiriki katika utunzi.

Hata hivyo, mpingo huchukua miongo kadhaa kukomaa, nao hutafutwa pia na watengenezaji wa klarineti. Mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Uhakiki unaosifu umbo la kinyago pasipo kuuliza gogo limetoka wapi huisoma nusu tu ya kazi. Kisasili chamhusisha mtu na mti kwa nasaba. Soko limewahusisha kwa bei. Kinyago cha leo hakina budi kusomwa kwa kuzingatia mahusiano hayo mawili.