Duke Aliyevaa Kanzu: Fransisko Borja kati ya Ikulu, Watoto na Nadhiri

Mwaka 1884 mchoraji wa Kihispania José Moreno Carbonero alichora picha kubwa ya jeneza lililofunguliwa. Ndani amelala malkia. Mbele yake bwana mmoja wa heshima amemwegemea mwenzake begani, hawezi kutazama. Bwana huyo ni Fransisko Borja, na kisa ni cha Granada, Mei 1539. Isabela, mke wa Kaisari Karolo V, alifariki Toledo tarehe 1 Mei kwa matatizo ya uzazi, naye Borja akaagizwa kusindikiza maiti hadi makaburi ya wafalme kusini. Walipofika, desturi ilidai jeneza lifunguliwe ili msindikizaji aape mbele ya mashahidi kwamba maiti ni ile ile aliyokabidhiwa. Njia ilikuwa imewachukua wiki mbili hivi. Uso ambao baadaye mchoraji Tiziano angeuchora kwa ustadi wake wote ulikuwa umeharibika kabisa. Mapokeo yanasema hapo ndipo Borja alipoazimia kutomtumikia tena bwana anayeweza kufa.

Wahubiri wameitumia sana hadithi hiyo. Lakini mwezi uliofuata, tarehe 26 Juni 1539, mtu huyo huyo alipokea cheo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushika: Makamu wa Mfalme huko Katalunya. Ilipita miaka 7 kabla hajaweka nadhiri ya kuingia utawani, na 12 kabla ulimwengu haujamwona katika kanzu ya Kijesuiti. Kwangu miaka hiyo 12 ina uzito kuliko dakika ile ya jeneza. Maskini akitaka kuwa mtawa hubisha hodi mlangoni. Kabaila ana wapangaji, madeni, mabinti wa kuozwa na kaisari wa kuombwa ruhusa.

Na ukoo wenyewe haukuwa wa mchezo. Fransisko alizaliwa Gandia, katika ufalme wa Valencia, tarehe 28 Oktoba 1510. Upande wa baba alikuwa kitukuu cha Papa Aleksanda VI, yule Borgia ambaye jina lake mpaka leo hutajwa kwa kunong'onezana. Babu yake, Duke wa pili wa Gandia, aliuawa Roma mwaka 1497 na maiti yake ikaopolewa mtoni Tiber. Upande wa mama alikuwa kitukuu cha Mfalme Ferdinando wa Aragon, kupitia mwana wa nje ya ndoa aliyefanywa askofu mkuu wa Zaragoza. Kwa damu hiyo Kaisari mwenyewe alikuwa ndugu yake. Akiwa kijana mdogo alipelekwa Tordesillas kumhudumia Katarina, dada wa Kaisari, katika jumba ambamo mama yao, Malkia Juana, alikuwa amefungiwa kwa kuhesabiwa mwendawazimu. Mwaka 1529 akamwoa Leonor de Castro, Mreno wa msafara wa Isabela. Wakajaliwa watoto 8.

Barcelona haikumpokea kama mtu wa sala. Katalunya ilijaa majambazi, na baadhi ya majambazi hao walilindwa na makabaila waliokuja kumsalimu ikuluni. Borja aliwawinda kwa mkono mzito. Alishughulikia kuta za mji, nafaka, na maharamia wa baharini. Alipenda uwindaji kwa kozi na muziki. Alitunga hata nyimbo za kanisa. Wanaosimulia maisha yake wanasema alinenepa kiasi kwamba meza yake ya chakula ilikatwa kwa umbo la mwezi mwandamo ili tumbo lipate nafasi. Humo humo katika miaka ya Katalunya ndipo alipofahamiana na Wajesuiti wa mwanzo, akiwemo Petro Favre, na akaanza kukomunika mara nyingi kuliko ilivyokuwa desturi ya walei wa wakati ule.

Mwaka 1543, baba yake akiwa ameshafariki, Borja alirithi cheo cha Duke wa nne wa Gandia. Kaisari alimteua kusimamia nyumba ya mke wa mwanawe Filipo, binti wa kifalme wa Ureno, lakini ikulu ya Lisbon haikumtaka na kazi ikaota mbawa. Akarudi nyumbani. Tarehe 27 Machi 1546 Leonor akafariki. Mjane huyo alikuwa na miaka 35.

Katika miezi michache alikuwa ameahidi kuingia Shirika la Yesu, yaani la Wajesuiti. Barua ya mwanzilishi wa Shirika, Inyasi wa Loyola, kutoka Roma ilimpokea kwa furaha, kisha ikamtaka anyamaze: dunia, aliandika, haina masikio ya kustahimili mshindo wa namna hiyo. Awaoze kwanza watoto wakubwa, amalize majengo aliyoyaanza, asome teolojia. Ni jibu la mtu anayewajua wakubwa na mali zao. Tarehe 1 Februari 1548 Borja aliweka nadhiri zake kwa siri, huku Papa Paulo III akiwa amemruhusu kuendelea kusimamia mali yake kwa muda. Basi kwa zaidi ya miaka miwili Gandia ilitawaliwa na mtawa aliyevaa joho la duke. Watumishi waliomvua viatu hawakujua. Aliandika mikataba ya ndoa: mrithi wake Carlos akaoa, binti yake Isabel akaolewa na ukoo wa Sandoval. Chuo cha Wajesuiti alichokianzisha mjini kilipandishwa na Papa kuwa chuo kikuu, na humo humo, Agosti 1550, mwanzilishi akatunukiwa udaktari wa teolojia. Ni yeye pia aliyemwomba Papa aidhinishe kitabu cha Mazoezi ya Kiroho cha Inyasi, kikaidhinishwa Julai 1548. Cheo alichokuwa anajiandaa kukivua kilikuwa bado kinafanya kazi, tena kazi nzuri.

Tarehe 31 Agosti 1550 aliondoka kwenda Roma, kwa watu akiwa mhujaji wa Jubilei. Kuagana kwake na familia kulichorwa na Goya mwaka 1788 kwa ajili ya kanisa kuu la Valencia, na aliyelipia ni Duchess wa Osuna. Huko Roma alitoa fedha zilizosaidia kuanzisha Chuo cha Roma, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Gregoriana. Kisha ukavuma uvumi kwamba Papa Julius III anataka kumpa kofia nyekundu ya kadinali. Februari 1551 Borja akatoroka mjini, akaenda Oñate, nchi ya Wabaski. Ruhusa ya Kaisari ilipofika, tarehe 11 Mei alisaini hati ya kumwachia Carlos kila kitu, akavua upanga, akanyoa nywele na ndevu. Mwezi huo huo akapewa upadre. Aliyekuwa Makamu wa Mfalme akawa anabeba kuni na kumsaidia mpishi. Mwanawe Juan alimwoa Lorenza de Oñaz, mrithi wa nyumba ya Loyola, na ndoa hiyo ikaziunganisha familia mbili ambazo wakuu wao walidai wamezipa kisogo.

Siasa nazo zilimfuata hadi jikoni. Mwaka 1554 Inyasi alimfanya msimamizi wa Wajesuiti wote wa Hispania na Ureno. Mwaka huo huo Juana wa Austria, binti wa Kaisari, mjane wa miaka 19 aliyekuwa akitawala Hispania kwa niaba ya kaka yake, alitaka kuwa Mjesuiti. Kumkataa haikuwezekana, kumkubali waziwazi ndiyo kabisa. Alipokewa kwa siri, na barua zikamtaja kwa jina la mwanamume, Mateo Sánchez. Aprili 1555 Borja aliitwa tena Tordesillas. Malkia Juana, yule aliyefungiwa tangu Fransisko hajawa kijana, alikuwa anakata roho na kwa miaka mingi alikuwa akikwepa sakramenti. Padri aliyekaa kando ya kitanda chake akimhimiza asali ni yule mtumishi wa zamani wa nyumba ile. Malkia akafariki Ijumaa Kuu.

Urafiki na ikulu ulikuwa na bei yake. Mwaka 1559 Mkuu wa Baraza la Upelelezi wa Imani, Fernando de Valdés, alitoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, na ndani yake kilikuwemo kitabu chenye jina la Duke wa Gandia. Borja alikimbilia Ureno, kisha mwaka 1561 akaitwa Roma. Miaka 4 baadaye alichaguliwa Mkuu wa tatu wa Shirika. Chini yake Wajesuiti walifika Florida, Peru na Meksiko, na jiwe la msingi la kanisa la Gesù likawekwa. Mwaka 1571 Papa Pio V alimtuma, ingawa Borja alikuwa mgonjwa, Hispania, Ureno na Ufaransa pamoja na Kadinali Bonelli kutafuta washirika dhidi ya Waturuki. Mpaka mwisho alitumwa kwa sababu wafalme wasingeweza kumfungia mlango. Safari hiyo ilimmaliza. Alirudi Roma akibebwa na akafa usiku wa kuamkia 1 Oktoba 1572.

Binti yake Isabel alikuwa amezaa mtoto wa kiume mwaka 1553. Mtoto huyo ndiye Duke wa Lerma, kipenzi cha Mfalme Filipo III, aliyeitawala Hispania kwa miaka 20 na kujitajirisha bila haya. Mwaka 1617 aliyahamishia Madrid masalia ya babu yake. Mwaka uliofuata, maadui walipomkaribia, aliomba na kupata kutoka Roma kofia ile ile ambayo babu aliikimbia, kwa kuwa kadinali hashitakiwi kirahisi na mahakama za mfalme. Msaidizi wake, Rodrigo Calderón, hakuwa na kofia. Alikatwa kichwa hadharani mwaka 1621. Lerma alifia kitandani mwake mwaka 1625, mwaka mmoja baada ya babu kutangazwa mwenyeheri.