Walichoma nyumba, panya wakahama

Ukisema kanjo, kitu cha kwanza kinakuja akilini ni mama mboga akikimbia na beseni kichwani. Lakini enzi za kwanza kabisa za huu mji, wenye mamlaka walikuwa na adui mwingine wa kukimbizana naye: panya. Na vile walipigana naye inaeleza mambo mengi tunayoona hadi leo.

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, kwenye tope. Watu wakajaa haraka kuliko mitaro na vyoo. Wahindi wafanyabiashara wakajenga maduka ya mabati na mbao, wakauza humo na kulala humo humo. Hapo ndipo palipoitwa Bazaar. Nafaka kwa magunia, taka nje ya mlango, maji machafu yamesimama. Kwa panya, hiyo ilikuwa hoteli.

1902 tauni ikalipuka Bazaar. Daktari wa serikali akaamua: choma. Bazaar ikateketezwa, watu wakabaki bila duka na bila nyumba. Tatizo likaisha? Wapi! 1904 tauni ilirudi, na miaka kadhaa baadaye ikaja tena.

Sababu ni hii. Tauni huletwa na bakteria ambayo Alexandre Yersin aliitambua Hong Kong mwaka 1894. 1898, akiwa India, Paul-Louis Simond alionyesha kwamba inayosambaza ni viroboto wa panya. Wakubwa wengi wa udaktari hawakumwamini kwa miaka. Sasa fikiria: panya akifa, mwili unapoa, kiroboto anaruka kutafuta damu moto. Hiyo damu inaweza kuwa yako. Na ukiwasha moto, panya hakungoji. Anahamia kwa jirani na viroboto wake. Moto unamaliza nyumba, lakini chakula kikibaki wazi kwingine na taka zirundikwe upya, panya wataanza tena.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. 1913 serikali ya Uingereza ilimleta mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson. Ripoti yake ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na uwanja mtupu katikati. Yaani ugonjwa wa panya ukageuzwa kuwa ugonjwa wa watu fulani. Badala ya kuuliza kwa nini Bazaar haina mitaro, wakauliza kwa nini Wahindi na Waafrika wako karibu na Wazungu. Lakini waliotawala mji na pesa za mitaro hawakuwa wale wa Bazaar.

Cha kushangaza, dawa ya kweli iko kwenye sheria iliyoandikwa na serikali hiyo hiyo ya kikoloni. Sheria ya Afya ya Umma, ile Sura ya 242 ya mwaka 1921, inasema ghala la chakula lijengwe kwa namna ambayo panya hawezi kuingia. Hakuna kumfukuza mtu hapo. Ziba mashimo, funika chakula, beba taka, fungua mitaro. Mnyima panya chakula na mahali pa kujificha, na hatazaana vile. Si kazi ya kupigwa picha, lakini hiyo ndiyo inafanya kazi.

Na leo? Katiba ya 2010 inasema wazi kuondoa taka ni kazi ya kaunti. Lakini mitaani kwetu kila mtu anapigana vita vyake pekee yake. Yule msee wa spika anapita akiuza dawa ya panya, mende na kunguni, unanunua pakiti, unaua wawili. Kesho wengine wanatoka kwa lile rundo la taka la kona. Sumu ya pakiti haiwezi kushindana na rundo la mtaa mzima.

Niliacha chuo, sikuacha kusoma, na historia hii imenifunza swali moja. Siku wakija kubomoa vibanda wakisema ni usafi, waulize: lori la taka lilipita hapa mara ya mwisho lini? Wakikosa jibu, jua ni 1902 tena, ila safari hii wamekuja na tingatinga.