Rwanda na Burundi Walivyomwagana, Ngara Ikabaki Katikati

Mastaa wawili wakiachana mjini, kesho yake kila mtu anajua. Nani kabaki na nyumba, nani kachukua gari, nani kafuta picha za mwenzake Insta. Sasa kuna wawili walioachana zaidi ya miaka 60 iliyopita. Walikuwa na benki moja, noti moja na ushuru mmoja, na majirani walioshuhudia yote ni watu wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Wawili hao ni Rwanda na Burundi. Kama ulikuwa hujui, hawa walikuwa chini ya paa moja, na jina la nyumba lilikuwa Ruanda-Urundi.

Ndoa ya kupangiwa

Iko hivi. Kabla ya wazungu, Rwanda na Burundi zilikuwa falme mbili, kila moja na Mwami wake. Lugha zao zinakaribiana sana, lakini kila mmoja alikuwa na ikulu yake na jeshi lake, na vita kati yao vilikuwepo. Wajerumani wakaja, wakaziweka zote ndani ya koloni lao la Afrika Mashariki. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji wakaingia kutokea Kongo na kuwafukuza Wajerumani. Ngara na Biharamulo nazo zikawa mikononi mwa Wabelgiji kwa miaka kadhaa.

Baada ya vita wakubwa wakakaa mezani kugawana. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zikakubaliana: Ubelgiji ichukue Rwanda na Burundi, Uingereza ichukue Tanganyika. Kwanza Waingereza walitaka hata Gisaka, upande wa mashariki wa Rwanda, kwa ajili ya ndoto yao ya reli, baadaye wakairudisha. Lakini Bugufi, eneo lililokuwa na uhusiano na ufalme wa Burundi, likabaki Tanganyika. Bugufi ndiyo sehemu kubwa ya Ngara ya leo. Ndiyo maana Mhangaza wa Ngara akikutana na Mrundi hawahitaji mkalimani.

Kwa hiyo mstari uliochorwa na watu ambao hawakuwahi kulima hata tuta moja pale ndiyo uliamua nani atakuwa Mtanzania na nani Mrundi. Ndugu kabisa, mmoja huku, mwingine kule.

Maisha ya pamoja

Wabelgiji waliendesha Ruanda-Urundi kama kitu kimoja. Makao makuu yalikuwa Usumbura, mji ambao leo unaitwa Bujumbura, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Biashara kubwa ilikuwa pale, maghala pale, bandari pale. Mzigo ulitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, ukapanda meli hadi Usumbura, halafu ndiyo ukapelekwa milimani Rwanda. Kigali wakati huo ilikuwa kamji kadogo tu. Ukiiona Kigali ya sasa huwezi kuamini.

Hapo ndipo utamu wote ulipokaa upande mmoja. Mmoja ana bandari na maduka, mwingine ana mlima na kahawa. Kwenye uhusiano wowote, mmoja akishika funguo zote, mwingine ataanza kuuliza maswali.

Mambo yalivyochacha

Mwishoni mwa miaka ya 1950 kila nyumba ikaanza kuwaka moto kivyake. Rwanda, vurugu za 1959 ziliwafanya Watutsi wengi wakimbie. Januari 1961 ufalme ukapinduliwa, na Septemba mwaka huohuo wananchi wakapiga kura kuukataa Umwami. Rwanda ikawa jamhuri.

Burundi ilibaki na Mwami wake, Mwambutsa IV. Mtoto wake, Louis Rwagasore, alishinda uchaguzi wa 1961 na kuwa waziri mkuu. Lakini Oktoba 13, 1961 akapigwa risasi na kufa, hata mwezi haujaisha tangu ashinde. Alikuwa na miaka 29 tu.

Sasa fikiria. Huku jamhuri iliyomtoa Mfalme, kule ufalme ulio hai. Huku serikali imeshikwa na Wahutu, kule kuna wakimbizi wa Kitutsi waliofukuzwa na serikali hiyohiyo. Umoja wa Mataifa ulikuwa unasukuma wabaki nchi moja wakipata uhuru. Wenyewe hawakutaka hata kusikia.

Aprili 1962 wakakutana Addis Ababa. Kuwa nchi moja? Hapana. Lakini wakakubaliana kitu cha katikati: kila mtu na bendera yake, ila faranga iwe moja, benki kuu iwe moja na ushuru wa forodha uwe wa pamoja. Yaani tumeachana ila akaunti ya benki tunaendelea kushea. Julai 1, 1962 wote wawili wakapata uhuru siku moja.

Akaunti ya pamoja ikafungwa

Haikudumu hata miaka miwili. Pesa ya pamoja inataka watu wanaoaminiana. Mmoja akitumia zaidi ya uwezo wake, wote mnaumia. Ushuru ukikusanywa bandarini kwa mwenzako, lazima uamini kwamba atakupa fungu lako. Imani hiyo haikuwepo.

Kilichomaliza kabisa kilikuja Desemba 1963. Wapiganaji wakimbizi wa Kinyarwanda waliingia Rwanda kutokea Burundi na kusogea kuelekea Kigali kabla ya kuzuiwa. Kisasi kilichofuata kilikuwa kibaya mno. Maelfu ya Watutsi waliokuwa ndani ya Rwanda, watu wasiohusika na lolote, waliuawa. Baada ya hapo nani angekaa meza moja kuongelea faranga?

Mwaka 1964 wakagawana. Rwanda ikaanzisha benki yake ya taifa na faranga yake, Burundi nayo ikafanya hivyohivyo. Rwanda ikageuza mizigo yake kuelekea Uganda na bandari ya Mombasa, njia ndefu na ya gharama.

Nani alilipa bili?

Wanaoachana wakigombana, mara nyingi jirani ndiye anayepokea watoto. Wanyarwanda waliokimbia walifika Ngara, na kambi ya Muyenzi ikaanzishwa kwa ajili yao. Mwaka 1972 Warundi nao walikimbia mauaji kwao na kuingia Tanzania, na 1993 wakaja tena. Halafu ikaja Aprili 1994. Ndani ya saa 24 tu, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Miti ikakatwa hadi ikaisha, visima vikazidiwa.

Si kwamba kuvunjika kwa benki kulisababisha yote haya. Hapana. Lakini chuki iliyovunja benki ndiyo hiyohiyo iliyoendelea kuua. Benki ilikuwa dalili tu.

Leo hii

Rwanda na Burundi walijikuta tena kwenye familia moja 2007, walipoingia pamoja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Kwa hiyo mtu wa Kigali mwenye ndugu Bujumbura ikabidi azunguke: avuke Rusumo, aingie Ngara, atokee Kabanga. Kwa mara nyingine Ngara ikawa katikati.

Na pesa? Wabadilisha fedha wa mipakani mpaka leo wanashika noti za aina tatu: shilingi, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi. Malori yanayopita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, wilayani Biharamulo, yanafika mbele na kugawana njia, mengine Rusumo, mengine Kabanga. Mama ntilie anayewauzia madereva ugali hajali lori linaenda kwa nani. Anachojua ni kwamba mpaka ukifungwa, sufuria linabaki limejaa.

Ila kuna kitu kimoja cha kutia moyo. Mto Ruvubu unatoka Burundi, Nyabarongo unatoka Rwanda, na maji yao yanakutana kwenye Kagera karibu kabisa na maporomoko ya Rusumo. Hapohapo umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, na umeme wake unagawanywa sawa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Waliokataa kushea faranga leo wanashea umeme wa mto mmoja.

Je, safari hii watadumu? Na wewe wa Ngara au Biharamulo, wazee wa kwenu wanasimuliaje kuhusu miaka ile? Dondosha maoni yako hapo chini.