Duka la kaunta na la simu: uchague mfumo gani?

Msikilizaji, una duka Rubya, na wateja wa Bukoba mjini wanakuagiza kwa simu. Kitenge cha mwisho kimeuzwa kaunta, kumbe mwingine ameshakilipia. Kabla ya kuchagua mfumo, jiulize: nani anapunguza hesabu ya mzigo kila unapouza?

WhatsApp Business ni ya bure na inaonyesha picha na bei, lakini haihesabu mzigo uliobaki. Loyverse hugeuza simu kuwa mashine ya mauzo, huhesabu stoo na huuza hata mtandao ukikatika; oda za WhatsApp utaziingiza mwenyewe. Shopify huunganisha mauzo ya dukani na ya mtandaoni, ila hulipiwa kila mwezi.

Kwa bidhaa chache, anza na WhatsApp na daftari moja tu. Zikiongezeka, hamia Loyverse. Pokea malipo kwa Lipa Namba, na usitoe mzigo kabla pesa haijaingia.

Namba za wateja zitunze mwenyewe. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Soko la mwenzako likifungwa, wateja wabaki wako.