Sikukuu Imekwisha, Turudi kwenye Chungu cha Kila Siku

  

Sikukuu za Disemba zimepita. Wageni wa kutoka mjini wamerudi makwao, lakini jikoni wameacha mafuta ya kupikia, sukari, unga wa ngano na soda. Watoto wanauliza, "Mama, chapati iko wapi?" Leo tuangalie nyuma kidogo, kwa maana historia yetu ina funzo kuhusu chakula na presha, yaani shinikizo la damu.

Zamani karamu ilikuwa na mwisho wake. Ng'ombe akichinjwa wakati wa harusi au mavuno, jamaa na majirani walikula pamoja, kila nyumba ikapata fungu lake. Friji haikuwepo. Baada ya siku chache watu walirudi kwenye ugali wa mtama au wimbi, kunde, mboga za kienyeji na maharagwe. Tena walirudi shambani kwa miguu.

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aliyeitwa C. P. Donnison alichapisha matokeo ya kazi yake katika eneo lililoitwa Kavirondo Kusini, karibu na Ziwa Victoria, hapa Kenya. Alikuwa amepima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000. Huko Ulaya ilijulikana kwamba mtu akizeeka, presha hupanda. Donnison aliona kwamba kwa watu hawa wa Kenya haikupanda hivyo hata walipofika uzeeni. Si kwamba hawakuugua: malaria na maradhi mengine yaliwatesa sana. Lakini presha haikuwa shida yao.

Je, ilikuwa ni damu yetu tu iliyotukinga? Hapana, mama. Katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya wale wa kijijini. Uzito wao pia ulikuwa mkubwa zaidi. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi, na kwamba potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika mboga, matunda na maharagwe, ilikuwa imepungua.

Kabila lilikuwa lile lile, ila maisha na chakula vilikuwa vimebadilika. Na mwaka 2015, uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya alikuwa na presha ya juu.

Kwa hiyo, mama, ubaya hauko katika kula pilau siku ya sikukuu. Ubaya ni sikukuu kukosa mwisho. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikukuu nayo ni mgeni. Mpe jembe!

Utaanzia wapi? Usijinyime chakula ili kulipia ulichokula, hasa kama una mimba au unanyonyesha. Rudisha tu chungu chako cha kila siku. Asubuhi, pika uji wa wimbi na upunguze sukari kidogo kidogo mpaka watoto wazoee. Mchana na jioni, mboga kama kunde, managu, terere au sukuma wiki zijaze nusu ya sahani. Soda ibaki dukani, na watoto wanywe maji safi.

Kuhusu chumvi, mtu mzima asipitishe kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, na hapo hesabu pia ile iliyo ndani ya mkate na unga wa mchuzi wa pakiti. Ondoa kikopo cha chumvi mezani. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asiongezewe chumvi wala sukari katika chakula chake.

Tembea pia. Kama sokoni si mbali, nenda kwa miguu pamoja na watoto.

Mwisho, presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mtu anaweza kujiona mzima huku moyo, figo na ubongo vikiumia polepole. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe, na umpeleke nyanya na baba watoto. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu amebadilisha chakula, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kabla ya kubadilisha mlo.

Chungu kilichowalinda wazee wetu bado kiko jikoni mwako. Kiinjike leo.